Tausi Wangu ni Dume

Jumapili, tarehe 2 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda kwa binti yetu, aliyejifungua Ijumaa. Mjukuu wa kwanza! Atakaa huko siku kumi. Kuku kumi na mmoja na jogoo mmoja wamebaki mikononi mwangu.

Haikuwa rahisi. Alikuwa ameshakubaliana na kaka yake, Shemeji seremala, aje awachukue. Nikakataa. Nikauliza, kwani mimi ni kabati humu ndani? Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye mizani ya malori, akipima tani kwa tani bila kudanganywa na dereva hata mmoja, ashindwe na viumbe wa kilo mbili mbili?

Akafunga begi lake. Kisha akasema sawa, ila kwa sharti. Akirudi akawakuta kama alivyowaacha, kumi na mmoja, wakitaga mayai yao manane kwa siku, nitakabidhiwa ufunguo wa banda niwe nao daima. Akikuta vinginevyo, wanahamia kwa Shemeji, na mimi sitatia mguu bandani tena. Pale getini akanishika mkono, akaniomba jambo moja tu: nisibuni kitu. Nilishe, niweke maji, niokote mayai, basi. Maelekezo mengine ameyabandika kwenye mlango wa banda.

Nikamwambia nimeelewa. Iliniuma, sifichi. Miaka thelathini na minne ya ndoa, na bado ananiaga kama mtu anayeacha jiko likiwaka.

Atanitambua.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mayai kumi na moja! Kuku kumi na mmoja, mayai kumi na moja, siku yangu ya kwanza kazini! Kwa mke wangu hawajawahi kuvuka tisa. Matatu kati ya hayo yalikuwa mazito ya kutia moyo. Nimeyapanga yote kwenye trei na kumpelekea Mama Keki wa nyumba ya kona, mteja wetu wa siku zote.

Saa tatu nilikuwa nimekaa kwenye sofa langu bovu, nyuma ya tangi la maji. (Mke wangu ananiambia nilitupe tangu mwaka jana. Nitalitengeneza.) Mara akatua ukutani ndege. Ndege gani! Tausi! Shingo ya kijani inayong'aa, kishungi kichwani, mwendo wa mtu aliyekuja kununua mtaa mzima. Akaruka ndani, akaenda moja kwa moja kwenye chombo cha pumba, akala bila kukaribishwa. Kuku wakajipanga pembeni kama wanafunzi waliochelewa. Jogoo wetu, ninayemwita Mkaguzi kwa jinsi anavyotembea kifua mbele, alimsogelea, akamtazama juu mpaka chini, kisha akakumbuka ana shughuli upande wa pili wa ua. Aliyebaki naye ni Shangazi peke yake, yule kuku wa kahawia mwenye doa jeupe shingoni. Huyo hutia mdomo wake katika kila jambo, ndiyo maana akapewa jina hilo.

Saa nne akaja Shemeji, eti kusalimia. Hasalimii huyu. Anakagua bawaba. Banda kalijenga yeye na hataki tusahau. Akatoa penseli sikioni, akamwelekezea tausi, akasema huyo ni jike: mgongo rangi ya udongo, mkia hana. Nikamwambia ni dume, mkia ameukunja tu. Akauliza ameukunjia wapi, tumboni?

Hapo nikapandisha. Nikamwambia nitakubali ni jike siku nitakayoona yai lake kwa macho yangu haya mawili, na siku hiyo nitaanza kufagia maranda ya karakana yake mwezi mzima. Akacheka mpaka penseli ikaanguka. Akasema tutakumbushana.

Tutakumbushana!

Nimepata wazo. Sijabuni kitu. Ni wazo tu. Mke wangu akirudi, amkute tausi ndani ya ua wake, mkia umefunguka kama feni. Nani ataniita kabati tena?

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mayai sita. Kuku wanapumzika baada ya kazi kubwa ya jana.

Nimechora mpango wa kumkamata tausi nyuma ya karatasi moja niliyoikuta imebandikwa mlangoni pa banda. Mchoro safi, una vipimo. Chandarua juu ya nguzo mbili, pumba chini, kamba mkononi mwangu, mimi nyuma ya sofa.

Saa tano na robo nikavuta kamba. Nikakamata Mkaguzi, kuku wawili na mguu wangu wa kushoto. Tausi alikuwa amesimama juu ya sofa, nyuma yangu, akitazama kila kitu kwa utulivu.

Mkaguzi amenidonoa mara nne. Sikumjibu. Yeye ni jogoo, na mimi ni mtu mzima.

Chandarua kilikuwa cha kitanda chetu. Kimepasuka katikati.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mbu wamenila siku mbili mfululizo. Mayai: jana manne, leo matatu.

Tausi sasa anakuja alfajiri na kuondoka jioni, kama mwajiriwa. Anaingia bandani, anajikalisha kwenye viota, mwenye kiota anatoka nje kwa adabu. Na sauti yake! Kama mtu anayeita msaada ndani ya bomba. Jirani wa kushoto alitoka na taulo, akauliza ni nani anauawa. Nikamwambia tumefunga king'ora kipya. Akasema king'ora hulia mwizi akija, siyo jua likija. Watu wengine hawawezi kupewa maelezo.

Mchana akaja Mama Keki, uso umekunjwa. Akaweka yai juu ya meza yangu. Lilitoa mlio: ko! Akaniuliza ni kuku gani aliyetaga hilo. Aligonga ukingoni mwa bakuli mara ya kwanza, halikupasuka. Mara ya pili, halikupasuka. Mara ya tatu likapasuka bakuli. Bakuli la kioo, la harusi yake. Anayo mengine mawili ya namna hiyo na hataki kuyajaribu.

Nikajitia hamnazo. Nikamwambia kuku wetu siku hizi wana afya sana, ganda ni imara. Akachukua kisu cha jikoni kwangu, akakwangua. Chini ya rangi pakatokea mbao. Mbao safi, imepigwa msasa.

Nikalichukua yai, nikalipima mkononi. Yeye akaondoka bila kuaga, akisema kuanzia leo mayai atachukua kwa mwingine mpaka mwenye kuku arudi.

Mwenye kuku! Na mimi ni nani?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimegeuza karatasi ya mchoro wangu. Upande wa pili ni mwandiko wa mke wangu, ule wake wa kupendeza. Namba nne, imepigiwa mistari miwili: mayai matatu ya mbao aliyochonga kaka yasiondolewe viotani, ndiyo yanayowaonyesha kuku mahali pa kutagia, yakitoka watatafuta mahali pengine.

Kwa hiyo nilishika mkononi mayai matatu ya mbao, mimi, mtu wa mizani, nikasema ni mazito ya kutia moyo. Hili halitoki ndani ya daftari hili. Na hata hivyo kosa ni la Shemeji. Mtu mwaminifu hachongi yai likafanana na yai kiasi hicho.

Nimeyarudisha yote viotani, hata lile lililokwanguliwa. Nilikwenda kuyachukua kwa Mama Keki kichwa chini. Mayai ya leo: mawili.

Halafu nikahesabu kuku. Kumi. Nikahesabu kuanzia upande mwingine. Kumi. Shangazi hayupo. Nimetazama bandani, ukutani, kwenye mtaro, chini ya gari la jirani. Hayupo.

Mke wangu akapiga simu saa kumi. Mtoto ana nywele nyingi na hasira kama za babu yake. Akauliza kuku wanaendeleaje. Nikasema wanataga bila kupumzika. Akauliza Shangazi je? Kuku yule binti yetu alimpa mama yake akiwa kifaranga, siku anahama nyumbani kwenda kwake. Mke wangu alimlelea ndani ya kapu la nguo, miezi ile nyumba ilipokuwa kimya mno.

Nikasema Shangazi anakusalimia.

Baada ya kukata simu nilikaa muda mrefu kwenye sofa langu. Sikujisikia vizuri hata kidogo. Nikaona dawa ni moja tu: mkia. Mkia ukifunguka, yote yatasahaulika. Nimewaalika majirani kesho saa nne.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimesikia mahali kwamba tausi dume akimwona tausi mwingine hufungua mkia ili kumtambia. Nikamletea mwingine: yeye mwenyewe. Nilitoa kioo kirefu cha chumbani, nikakiegemeza kwenye tangi la maji. Majirani wakaja, na viti vyao. Jirani wa taulo alikuja, leo amevaa. Mama Keki alikuja, nadhani kunicheka. Shemeji alisimama getini, mikono kifuani, penseli sikioni.

Nikatoa hotuba fupi. Nikasema wapo watu wanaomwona jike, basi leo watatazama na kujifunza.

Tausi akaja mpaka kwenye kioo. Majirani wakainuka vitini. Akajitazama ubavu wa kulia, akajitazama wa kushoto. Akatengeneza unyoya mmoja kifuani. Akaondoka zake akaenda kula.

Mara Mkaguzi akapita mbele ya kioo. Akaona jogoo mwingine ndani ya ua wake, kifua mbele kama chake. Siku tano mtu huyu amenyanyaswa na tausi, hajapata wa kummalizia hasira! Akarudi nyuma hatua tatu. Nikapiga kelele. Nikakimbia. Alinitangulia.

Kioo kiliporomoka vipande vipande. Mkaguzi akapanda juu ya kipande kikubwa akawika. Watu walimpigia makofi, na wengine bado wanasimulia huko nje hadi sasa. Shemeji akasema taratibu kwamba dume halisi la leo tumeliona.

Nikamwambia mbele ya wote: tausi wangu ni dume, hana haja ya kujionyesha kwa watu wasiomheshimu. Na nasimama na maneno yangu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimemtafuta Shangazi siku mbili, mtaa kwa mtaa, nikiita kwa sauti. Mtu mzima, katikati ya barabara, anaita "Shangazi! Shangazi!" Mama mmoja mnene akageuka akaniuliza nina shida gani na yeye.

Sikumpata. Basi nimekwenda sokoni, nikanunua kuku wa kahawia. Umbo lile lile. Alikosa doa jeupe tu. Nimempaka doa kwa rangi ya viatu vya raba. Nilipomaliza nilirudi nyuma kumtazama, na kwa kweli doa langu limekaa vizuri kuliko lile la asili.

Kumi na mmoja! Mizani imesawazika.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Amerudi.

Alishuka na mizigo yake, akanisalimia, akaninyooshea picha ya mjukuu. Kabla sijaitazama vizuri alishaingia uani. Alisimama mlangoni pa banda, akaita jina la Shangazi kama anavyoita siku zote. Kuku wa sokoni hakugeuka. Akaita tena. Akamshika, akamsugua shingoni kwa kidole gumba, akakitazama kidole. Cheupe.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu Shangazi yuko wapi. Nikasema sijui. Akauliza mayai leo ni mangapi. Nikasema moja. Akaingia ndani, akakuta kitanda bila chandarua na ukuta bila kioo, akatoka tena, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni huku amemshika yule kuku wa sokoni mapajani. Machozi yakamtoka. Akaniambia hakuniomba nifanye kitu kigumu. Aliniomba nisifanye.

Nikamsogelea. Geti likagongwa. Daktari wa meno wa mtaa wa pili, mama mwenye miwani, mkononi ana kikombe cha mahindi. Akasema ameambiwa tausi wake jike yupo huku, siku kumi sasa dume lake nyumbani halili kwa majonzi. Akatikisa kikombe mara mbili. Tausi akashuka ukutani, akamfuata nyuma kama mtoto mtiifu, wakatoka getini wote wawili.

Kikombe cha mahindi! Mimi nimepasua chandarua!

Shemeji, ambaye hakosi kuwepo, alinitazama. Akasema: jike. Nikamwambia nilisema yai, siyo maneno ya watu. Isitoshe, daktari wa meno atajua nini kuhusu kiumbe asiye na jino hata moja?

Mke wangu aliingia ndani akafunga mlango.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Kuku wamehamia kwa Shemeji, na Mkaguzi pamoja nao. Kawabeba kwenye matenga mawili ya kutengeneza mwenyewe, bawaba hazikulia hata kidogo. Mkaguzi hakunitazama.

Nyumba kimya. Mke wangu anaongea nami yale ya lazima: chai hiyo, simu inaita, sogeza mguu. Nimemkuta amesimama kwenye banda tupu, kapu la nguo mkononi. Nilirudi kinyumenyume asinione. Kwa mara ya kwanza nimefikiri kwamba pengine, kwa kiasi fulani kidogo sana, mimi nilichangia.

Baadaye ameniambia kesho nitupe sofa. Kwa sauti ile nisiyobishana nayo.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Naandika kwa mkono mmoja. Sababu itaonekana.

Asubuhi nikalishika sofa nilivute. Likanidonoa. Nikachungulia kwenye mpasuko wa nyuma. Shangazi! Amejibanza ndani, kwenye sponji, macho makali, manyoya yamesimama. Anaatamia! Chini yake mayai, mayai, mayai. Ishirini na sita. Kumbe kuku hawakuacha kutaga. Walihamia humu, wakaingilia nyuma, na mimi wiki nzima nimekaa juu yao nikijiuliza mayai yamekwenda wapi.

Nikataka kupiga kelele nimwite mke wangu. Mdomo ukafunguka. Ndipo nikaona, katikati ya yote, yai la ishirini na saba. Kubwa mara mbili ya mengine. Rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Nikalishika. La moto. Safari hii nimepima kwa makini: si mbao.

Nimelitazama kwa macho yangu haya mawili. Nilipomaliza kulitazama, niliamua sijaliona.

Nikalitia ndani ya soksi ya sufu, soksi nikaitia kwenye mfuko wa kifuani wa koti langu la mizani, koti nikalifunga vifungo vyote. Ndipo nikaita.

Mke wangu alikuja mbio. Alipomwona Shangazi alipiga magoti kwenye majani, akaingiza mkono, na Shangazi, aliyenidonoa mimi mara sita, akamlalia kiganjani. Alicheka huku analia. Akaniambia nimempata, jamani, nimempata. Nami nikafurahi kweli. Sijasikia kicheko kile tangu aondoke. Alinivuta mkono nikae naye chini, tukakaa.

Shemeji aliitwa. Akachungulia sofani, akayahesabu mayai, akakwaruza kichwa kwa penseli. Alikubali shingo upande kwamba kuku walikuwa wakitaga wakati wote. Mke wangu akasema basi, kuku watarudi Jumapili, na ufunguo atanipa. Atanipa mimi! Shemeji akauliza mbona nimevaa koti zito na jua hili. Nikasema kifua kimenibana.

Jioni mke wangu akanikalisha jikoni. Akanitazama machoni, kama siku ile getini. Akaomba niape, mara hii kwa moyo wangu wote, kwamba sitabuni kitu tena. Nikaweka mkono kifuani. Taratibu sana, kiganja wazi, bila kukandamiza. Nikaapa. Akasema hajawahi kuniona nikiapa kwa uangalifu namna hii. Akataka kunikumbatia, nikamgeuzia ubavu.

Daktari wa meno nilimuuliza juu juu, mchana, nikijifanya nina jino bovu, yai la tausi huhitaji joto siku ngapi mpaka lianguliwe. Siku ishirini na nane. Namba ishirini na nane nimeizungushia duara kwenye kalenda. Huyu wa ndani ya soksi, chini ya mkono wangu wa pili, ni dume. Nasikia kabisa. Anagonga upande wa mkia.